Fundi Akikimbia na Ujuzi Wake



Kwetu Kirolirwe, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kuelekea Kitchanga, kulikuwa na sahani ya setilaiti iliyosimama kwenye nguzo, uani mwa kituo cha vijana. Shirika moja lilikuja nayo, pamoja na kompyuta sita na paneli za jua. Fundi alitoka mjini, akafunga kila kitu kwa siku mbili, akawasha, rezo ikaingia. Watu walipiga makofi. Mbuzi alichinjwa. Kisha fundi akapanda moto, akarudi mjini.

Miezi minne baadaye, usiku wa mvua kubwa, umeme ulikatika. Uliporudi, mashine iliomba neno la siri. Neno lile lilikuwa kichwani mwa fundi, na simu ya fundi haikupatikana tena. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu. Hakuna aliyekuwa amefundishwa hata kuzima na kuwasha vizuri. Sahani ilibaki pale miaka na miaka, kuku wakijikinga mvua chini yake, na sisi watoto tukiipiga mawe ili tusikie inavyolia.

Nilipokuja kusoma informatiki Goma, sahani ile ilinirudia kichwani. Nikaanza kujiuliza: huu mtandao wenyewe tunaoutumia kila siku, uliwezaje kufika Afrika na kuishi? Juu ya nini haukufa kama sahani yetu? Jibu lake ni historia ambayo darasani hatukupewa. Ni historia ya mafundi waliokubali kuwafundisha mafundi wengine, na ya heshima waliyopewa kwa kazi hiyo. Naomba niwasimulie, kisha nitawaambia kwa nini inanichoma mimi mwenyewe.

Waraka ulioomba maoni

Tuanzie mbali kidogo, Marekani, Aprili 1969. Intaneti bado haipo. Kuna vyuo vikuu vichache vinavyotaka kuunganisha kompyuta zao, na kazi ya kuandika jinsi kompyuta hizo zitakavyozungumza imewaangukia vijana, wanafunzi kama weye na mimi. Mmoja wao, Steve Crocker, aliyekuwa anasoma UCLA kule Los Angeles, aliandika waraka wa kwanza. Lakini aliona aibu: yeye ni nani hata awape wakubwa amri? Basi waraka akauita kwa unyenyekevu "Ombi la Maoni". Yaani: haya ndiyo tuliyofikiri mpaka sasa, tusahihisheni.

Jina lile lilibaki. Mpaka leo kanuni za intaneti zinatolewa katika nyaraka za jina hilo hilo, kila moja na namba yake, na namba zimeshapita 9000. Mtu yeyote anaweza kuzisoma bure, awe Los Angeles, awe Masisi. Hakuna anayekuomba neno la siri.

Mtu aliyezitunza nyaraka hizo ni Jon Postel, bwana mwenye ndevu ndefu ambaye hakupenda makuu. Kwa karibu miaka 30 alizisoma, akazisahihisha, akazipa namba, akazitoa. Ofisi yake ndiyo pia iliyokuwa inatunza orodha ya herufi za nchi, zile tunazoziona mwishoni mwa anwani. Mwaka 1997, Zaire ilipobadilika kuwa tena Kongo, .cd iliingia kwenye orodha hiyo na .zr ikaanza kuaga. Tena Postel hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa mtu wa kupanga na kuwagawia wengine.

Postel alifariki tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na miaka 55. Rafiki yake Vint Cerf aliandika maombolezo, nayo yakatolewa kama waraka mwingine wowote wa mafundi: namba 2468. Mwaka uliofuata, shirika la Internet Society lilianza kutoa tuzo kwa jina lake. Masharti ya tuzo hiyo yanataka mtu awe na mchango wa ufundi, awe ametumikia jumuiya ya wenzake, na awe ameongoza. Halafu kuna kipengele kimoja kinachonigusa sana: katika uongozi, wanaangalia hasa kama mtu huyo aliwategemeza na kuwawezesha wengine.

Soma tena hapo. Katika fani ambayo sisi tunadhani inaabudu akili ya mtu mmoja na utajiri wake, kuna heshima kubwa inayouliza: ni nani aliyesimama juu yako?

Mtandao uliopitia nyumbani kwa mtu

Sasa tuje Afrika. Mtandao haukuingia huku kwa mlango mkubwa. Mwaka 1988, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown, Afrika Kusini, walikuwa wanatafuta namna ya kutuma barua pepe nje. Nchi yao ilikuwa chini ya vikwazo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, milango mingi ilikuwa imefungwa. Njia iliyopatikana ilikuwa laini ya simu ya kawaida, iliyopigwa mpaka nyumbani kwa mhandisi mmoja Mmarekani, Randy Bush, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Nyumbani, nasema! Barua za wasomi wa chuo zilipita katika kompyuta iliyowekwa nyumbani kwa mtu.

Kazi ile ya kujitolea ndiyo iliyozaa kituo kinachoitwa Network Startup Resource Center, NSRC, ambacho mwaka 1992 kilianza kupata fedha za mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani. Kituo hicho kilituma vitabu na vifaa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha watu. Kuanzia 1993, Internet Society nayo iliendesha warsha za kila mwaka, ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Stanford. Wahandisi kutoka nchi ambazo mtandao ulikuwa haujafika walikusanywa, wakafundishwa kufunga na kuendesha mtandao, kisha wakarudi makwao kufanya kazi hiyo na kuwafundisha wengine.

Huku kwetu upande wa mashariki, Charles Musisi aliendesha huduma ya barua pepe ya Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo barua moja ilingoja zamu yake ili itumwe kwa simu. Nairobi nako, herufi za .ke ziliandikishwa mwaka 1993 kwa majina mawili: Shem Ochuodho, Mkenya, upande wa utawala, na yule yule Randy Bush upande wa ufundi. Miaka ilipita, Wakenya wakajenga taasisi yao, KENIC, na kazi yote ikahamia kwao. Mgeni alishika mpaka wenyeji waliposhika, kisha akaachia. Lile la mwisho, la kuachia, njo gumu kuliko yote. Fundi wetu wa Kirolirwe alishika vizuri kabisa. Kuachia ndiko kulikomshinda.

Ilipofika 2012, Internet Society ilifungua orodha ya heshima inayoitwa Internet Hall of Fame. Randy Bush aliingizwa mwaka huo huo wa kwanza, katika kundi la wale waliounganisha dunia.

Mzee Quaynor na shule isiyo na jengo

Lakini msidhani hii ni hadithi ya Wazungu waliotuletea zawadi. Mtu mkubwa wa historia hii ni Mwafrika, Nii Quaynor wa Ghana.

Quaynor alipata udaktari wake Marekani mwaka 1977. Mwaka 1979 alishiriki kuanzisha idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cape Coast, kwao Ghana. Alifanya kazi katika kampuni kubwa ya kompyuta Marekani, na angeweza kubaki kule akala mshahara wake kwa raha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirudi Ghana, akajenga kampuni yake, na kwa kampuni hiyo akaiunganisha nchi yake na intaneti wakati nchi nyingi za bara zilikuwa bado gizani.

Angeweza pia kukaa juu ya ujuzi huo kama kuku juu ya mayai. Weye fikiri: ni mmoja kati ya watu wachache sana wa eneo lote wanaoijua kazi hiyo. Bei anaweka yeye. Badala yake akawa mstari wa mbele kuwaunganisha wahandisi wa bara zima katika chama kinachoitwa AfNOG. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa Cape Town, mwaka 2000.

AfNOG ni shule isiyo na jengo. Kwa miaka mingi ilihama mji hadi mji: Accra 2001, Lomé 2002, Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011. Wakufunzi walikuja kwa kujitolea. Darasani kuliwekwa meza, kompyuta, nyaya na ruta, na kwa siku kadhaa wanafunzi walijenga intaneti ndogo yao wenyewe, wakaiharibu, wakaitengeneza tena. Kumekuwa na masomo ya Kiingereza na ya Kifaransa pia, na hilo kwa sisi Wakongomani si jambo dogo. Na yule aliyekuwa mwanafunzi mwaka mmoja, mwaka uliofuata aliweza kusimama mbele kama msaidizi, na baadaye kama mkufunzi.

Ajabu yake ni kwamba wengi waliokaa meza moja walitoka katika kampuni zinazogombea wateja wale wale. Lakini walikuwa wameelewa jambo: mtandao ni kama barabara ya Sake. Ikikatika kwa jirani, hata weye haufiki sokoni.

Mwaka 2007 Quaynor alipewa Tuzo ya Postel, Mwafrika wa kwanza kuipata. Baada yake walikuja Pierre Ouédraogo wa Burkina Faso mwaka 2012, na Alain Aina wa Togo mwaka 2019, wote watu waliotumia miaka yao kuwafundisha Waafrika wenzao. Katikati yao, mwaka 2018, alipewa Steven Huter, mkurugenzi wa ile NSRC ya Oregon.

Chumvi ya jirani kupitia Kinshasa

Niwape mfano mmoja wa Kenya, muone faida yake kwa macho.

Mwaka 2000, ukiwa Nairobi ukituma barua pepe kwa mtu wa mtaa ule ule, lakini kampuni yako ya intaneti na yake ni tofauti, barua ilipanda kwa setilaiti mpaka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi Nairobi. Ni kama mama wa Kirolirwe anataka kumpa jirani yake chumvi, lakini lazima chumvi ipitie kwanza Kinshasa. Na gharama ya safari hiyo ililipwa kwa dola, kwenda na kurudi.

Kampuni za intaneti za Kenya, pamoja na ushindani wao, zilikaa chini. Kati ya waliosukuma jambo hilo alikuwa Brian Longwe. Novemba 2000 walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, mahali ambapo mitandao ya nchi inakutana. Wiki chache hazijapita, kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwamba haki yake ya pekee imeguswa, na mamlaka ya mawasiliano ikaagiza kituo kifungwe. Ilibidi waelimishe watu wa serikali, wafafanue, wabishane kwa hoja. Februari 2002 kilifunguliwa tena, safari hii kwa leseni. Ujumbe uliokuwa unachukua zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi ulianza kuchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Hawakuishia hapo. Mkenya mwingine, Michuki Mwangi, aliyekuwa fundi wa KENIC, baadaye alijiunga na Internet Society na kuzunguka nchi nyingi za Afrika akiwafundisha wenzake kujenga vituo vya namna hiyo. Leo Kongo ina KINIX Kinshasa, LUBIX Lubumbashi, na hata hapa Goma tuna GOMIX. Sisi tunalalamika tu kwamba rezo ni mbaya, na kweli ni mbaya! Lakini hata hiyo tuliyo nayo ina jasho la watu waliokubali kuonyesha wenzao kilichofanyika kwao.

Dada zangu wasomi, msifikiri mmesahauliwa. Dorcas Muthoni, binti wa Kenya, alianzisha kampuni yake ya programu akiwa na miaka 24. Katika warsha na ofisi za mafundi wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2004 alianzisha AfChix, mtandao wa wanawake wa teknolojia wanaofundishana na kushikana mkono katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2014 jina lake liliingia katika Internet Hall of Fame.

Cheti hakiliwi

Najua mtaniuliza: sasa sisi tule vyeti?

Swali ni la haki. Hizi heshima nazo si za malaika. Microsoft, kwa mfano, tangu 1993 inawapa cheo cha MVP wataalamu wanaojitolea kuwasaidia wenzao kutumia bidhaa zake. Weye na mimi tunaelewa kwamba kampuni nayo inapata faida: watu wanafundishwa, na haikuwalipa walimu mshahara. Lakini hata hapo kuna funzo. Cheo kile kinatolewa kwa muda, kisha wanaangalia upya ulifanya nini hivi karibuni. Ulichojua miaka kumi iliyopita hakikutoshi. Wanauliza: mwaka huu ulimfundisha nani?

Na ni kweli pia kwamba Quaynor alikuwa na kampuni yake, Bush alikuwa na kazi yake. Kufundisha bure ni rahisi zaidi mtu akiwa ameshiba. Mimi nimezaliwa Masisi, najua njaa inavyofundisha uchoyo. Kijana aliyesoma kwa ng'ombe mbili za baba yake zilizouzwa, akipata ujuzi kidogo, anaukumbatia kama begi la pesa ndani ya lori. Nasema hivyo kwa sababu kijana huyo ni mimi.

Miaka niliyokuwa nasoma, kila likizo nilipanda Kirolirwe na kufungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Nilikuwa peke yangu mwenye kujua kuflashi simu, kubadilisha kioo, kuokoa picha katika simu iliyolowa. Mtoto wa mjomba wangu, kijana wa miaka 16, alikuja kukaa karibu yangu kila siku. Alifagia, alibeba betri, alienda kuninunulia chai na mkate. Nikifika pale penye siri ya kazi, niligeuza meza, yeye akabaki anaona mgongo wangu. Siku moja aliniambia:

"Yaya, na mimi nifundishe kidogo."

Nikamjibu: "Hii kazi ni ya watu walisoma."

Alinyamaza. Niliona nimelinda wateja wangu. Sahani ya setilaiti ilikuwa bado imesimama kule kituoni, hatua mia mbili kutoka kibanda changu, na mimi sikuona kwamba nimekuwa fundi yule yule.

Januari 2023 vita ilifika barabara ya Kitchanga. Mimi nilikuwa Goma, katika masomo. Familia ilitembea kwa miguu na kuishia kambi ya Bulengo, pembeni ya mji. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika, sikujua wako wapi. Nilichukua karibu wiki mbili kuwapata. Nilipofika, nilimkuta mdogo wangu amekaa mbele ya hema, na miguuni pake sanduku langu la vyombo. Alikuwa amelibeba kichwani kutoka Kirolirwe, akaacha nguo zake. Bisibisi zote zilikuwepo, na chuma cha kulehemu, na hata vioo vipya viwili ndani ya kitambaa.

Katika kambi ile watu walikuwa na simu zilizokufa kwa mvua na vumbi. Ndani ya simu hizo kulikuwa na namba za ndugu waliopotezana nao na pesa za kutumiwa. Walikuwa wameona sanduku, wakamfuata, naye hakuweza kuwasaidia.

"Yaya," aliniambia, bila hasira, "vyombo nilibeba vyote. Kichwa tu njo ulibaki nayo weye."

Wasomi wenzangu, nimepita mitihani mingi. Hakuna swali lililowahi kunikalisha chini kama sentensi ile.

Fomaji ya Masisi

Usiku ule nilikumbuka kitu kingine cha kwetu. Mnaijua jibini ya Masisi, ile tunayoiita fomaji, ya mviringo, inayouzwa hapa mjini. Wazee wanasimulia kwamba ujuzi wake ulikuja na mapadri wa Kibelgiji. Vita za miaka ya 1990 zilipopita, ng'ombe waliporwa makundi kwa makundi, na milima ilibaki na nyasi bila mnyama. Kwa hesabu ya kawaida fomaji ilipaswa kufa. Lakini mapadri walikuwa hawakufunga mlango wakati wa kupika maziwa. Wafanyakazi walijua, wake zao walijua, watoto walioshika ndoo walijua. Ng'ombe wachache waliporudi, fomaji ilirudi nao.

Mjomba wangu, baba ya huyu kijana, anaitengeneza mpaka leo pale anapopata maziwa. Alijifunza kwa jirani aliyejifunza kwa jirani. Hana cheti. Hakuna aliyemgeuzia meza.

Hapo ndipo niliona historia ya Postel na Quaynor ni ya kwetu pia, tena kwetu ina uzito zaidi. Kule mtu akificha ujuzi, kazi inachelewa. Huku kwetu, ambapo kila familia imeshajua kufunga mizigo usiku, mtu akificha ujuzi, siku atakapokimbia kijiji kizima kinabaki kipofu. Vita inatawanya watu. Kama ujuzi uko kwa mmoja, unatawanyika na kupotea. Kama uko kwa wengi, vita yenyewe inaupanda kila inapowatupa.

Nilianza kumfundisha Jumamosi ile ile, juu ya sanduku, mbele ya hema. Nilikuja kila wiki. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikaandika kila hatua kwa Swahili yetu ya kila siku, bila maneno makubwa, na michoro yangu mibaya. Baada ya miezi miwili alikuwa anafanya mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa na wasichana wawili wa kambi wanaokaa kando yake, na wao wanaona mikono yake, siyo mgongo wake. Mmoja alinakili daftari lote kwa mkono.

Februari 2025 kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika tena. Mdogo wangu alipanda upande wa Masisi na sanduku. Msichana mmoja ana meza yake ndogo Sake. Wa pili familia yake ilielekea Minova, na alikwenda na daftari lake. Kwa hiyo leo kazi niliyoificha Kirolirwe inafanyika sehemu tatu ambazo mimi sipo.

Hakuna atakayetupa tuzo, na sitaki kuwadanganya kwamba wateja wangu hawakupungua. Walipungua. Lakini wiki iliyopita simu yangu mwenyewe iliingia maji katika mvua ya Goma, na kuna kifungo kimoja kidogo kilichonishinda kukitoa bila kukivunja. Nilimpigia msichana wa Sake. Alinieleza kwa dakika tano njia ambayo mimi sikuwahi kuijua.

Nimeiandika katika daftari, ukurasa wa mwisho.